Profesa Aliyechoma Nyuzi Bila Kifuniko

Sikumpenda Profesa. Naliweka hili mwanzoni ili asitokee msomaji wa kunivumilia mpaka mwisho akidhani kwamba nitamsamehe, maana wanaoandika juu ya walimu wao huwa na tabia hiyo. Alinifundisha, ni kweli. Mengi ninayowafundisha vijana leo katika chuo cha ufundi niliyapata kwake. Lakini mtu anaweza kukufundisha vizuri na bado ukavuka barabara ukimwona anakuja.

Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na koti la maabara la kijivu alilolifunga vifungo mpaka kooni kwa sababu ya baridi ya Eldoret. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizungumza polepole, kwa sauti ya chini, na ukitaka kumsikia ilibidi umsogelee, na ukishamsogelea ndipo alipokuchoma. "Hiyo ni maoni ama ni data?" alikuwa akikuuliza, na kabla hujajibu ameshageuka kuongea na mtu mwingine.

Majina yetu hakuyatumia sana. Mimi ni wa kutoka upande wa ziwa, basi nilikuwa "mtu wa samaki." Nekesa, rafiki yangu tuliyekuwa tukikaa pamoja mtaa wa Munyaka, alikuwa "mtu wa kuku," kwa kuwa kwao ni magharibi. Wageni wakija aliwachekesha kwa majina hayo, nasi tukacheka pia. Ukiwa na digrii ya pili inayomngojea mtu mmoja atie sahihi, unajifunza kucheka mapema kuliko wengine.

Kazi yetu ilikuwa nyuzi. Si nyuzi za nguo. Ni nyuzi za kauri, nyembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe, zilizotengenezwa kwa unga wa oksidi tatu: ya risasi, ile metali nzito iliyo ndani ya betri za gari, na mbili nyingine za zirkoni na titani. Unga huo tuliuchanganya na gundi, tukausukuma kwenye tundu dogo, ukatoka kama tambi. Tambi zikikauka tuliziingiza kwenye tanuri. Kwanza moto wa taratibu, gundi iungue itoke. Kisha moto mkali, zaidi ya digrii elfu moja na mia mbili, mpaka chembe za unga zishikane ziwe kitu kimoja. Hatua hii ya mwisho tuliiita kusinta, na Profesa aliisimamia kama padri anavyosimamia altare.

Uzi uliosintiwa vizuri una tabia ya ajabu. Ukiupitishia nguvu ya umeme, unaelekea upande mmoja ndani yake, na ukiuondoa umeme unabaki umeelekea huko huko, kama mtu aliyeshika msimamo. Ukiugeuza umeme, unageuka nao. Ukiubonyeza, unatoa umeme wenyewe. Nyuzi kama hizo zikipangwa pamoja zinaweza kutoa sauti tusiyoisikia na kuipokea ikirudi, na Profesa alikuwa akiwaambia wafadhili kwamba siku moja hospitali za huku kwetu zitawaangalia watoto tumboni mwa mama zao kwa nyuzi zilizochomwa Eldoret. Aliisema vizuri sana sentensi hiyo. Niliwahi kumwona mzungu mmoja akitoa leso.

Kila mkutano wetu ulianza kwa maombi. Alikuwa mzee wa kanisa, na maombi yake yalikuwa marefu na yenye mpangilio. Aliombea tanuri, akaombea stima isipotee katikati ya kusinta, akaombea mikono ya wanafunzi isitetemeke wakati wa kubeba nyuzi. Sikumsikia hata siku moja akiombea kifua cha mtu yeyote. Akimaliza alifungua macho na, kwa sauti ile ile ya amina, akamwambia mmoja wetu kwamba kazi yake ya wiki nzima ni takataka.

Chumba cha tanuri ndicho kilichokuwa na joto peke yake katika jengo zima. Mwezi wa saba, baridi ya Eldoret inapokuwa kali asubuhi, sote tulikimbilia humo. Tulinywa chai humo. Tulikula mandazi humo, tukiwa tumeyaweka juu ya meza ile ile ya kupimia unga. Madirisha yalifungwa kwa amri yake, kwa kuwa upepo ukiingia wakati tanuri linapoa nyuzi hupasuka. Juu ya tanuri palikuwa na bomba la feni ya kutoa moshi. Mota ya feni ilikuwa imepelekwa kutengenezwa kabla sijajiunga, na haikuwahi kurudi. Ukimuuliza alisema ameshaiulizia mara nyingi. Labda ilikuwa kweli. Kwa kusinta yeye hakungoja mota.

Nitasema na mazuri yake, kwa kuwa nikiyaficha mtadhani nimeyatunga mabaya. Alijua moto. Alinionyesha kushika uzi mbichi bila kuukunja: usiushike kabisa, uviringishe kwenye karatasi, pumzi umeizuia. Alikaa nami alasiri nzima kwenye darubini akinionyesha chembe. Hizi ni ndogo, zimeacha matundu kati yake, moto haukutosha, uzi huu utavunjika kama chaki. Hizi zimenenepa kupita kiasi, moto umekaa sana, zimekula majirani zao. Hizi ndizo tunazozitaka. Siku hiyo alisahau kunidharau. Macho yake yalikuwa ya kijana.

Na baba yangu alipofariki, Profesa alikuja mpaka kwetu kwa mazishi, akiwa na maabara nzima ndani ya gari la chuo. Mvua ilinyesha naye hakukimbilia hema. Mama yangu mpaka leo anamtaja kwa heshima. Kisha akapewa nafasi ya kutoa salamu za rambirambi, akazungumza karibu nusu saa juu ya masomo yake ya ng'ambo, na jina la baba yangu akalikosea.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akikupa kitu kwa mkono wa kulia, ungoje wa kushoto.

Ubishi wetu ulianza kwa kifuniko. Risasi ni kitu kisichovumilia moto. Moto wa kusinta ukikolea, sehemu ya risasi inageuka mvuke na kuuhama uzi. Uzi uliopoteza risasi haufai: unapinda, unakuwa dhaifu, na ule msimamo wake wa umeme unalegea. Njia ya kuuzuia mvuke inajulikana. Unaweka nyuzi ndani ya kibakuli cha kauri, unazizungushia unga wenye risasi ili hewa ya mle ndani ijae mvuke tayari, unafunika. Mvuke ukishajaa, ule ulio ndani ya uzi hauna haraka ya kutoka.

Profesa hakutaka. Unga ule hushika kwenye ngozi ya uzi na kuacha vipele, naye alitaka nyuzi laini, zinazong'aa kwenye picha. Njia yake ilikuwa kuongeza risasi zaidi kwenye mchanganyiko tangu mwanzo, kisha kuchoma wazi. "Ikipotea kidogo," alisema, "itabaki ya kutosha." Aliyajenga maandiko yake ya miaka mingi juu ya hilo. Na ili tuone kwamba haogopi, yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mlango wa tanuri mara nyingi, bila barakoa, akaingiza uso karibu kabisa. Alisema anajua uzi ulioiva kwa harufu.

Mimi nilipewa kazi ya kulinganisha muda wa kusinta: muda mfupi, wa kati, mrefu, kwa moto wa aina tofauti. Nilifanya alivyoniambia, bila kifuniko. Kisha, kwa kuwa kibakuli chenye kifuniko kilikuwepo kabatini, nikachoma seti nyingine nimefunika. Sikumficha. Nilimpelekea zote mbili. Kwenye mashine ya kupimia ule msimamo wa umeme, uzi mzuri huchora mchoro mnene, uliosimama wima kama jani pana. Nyuzi nilizofunika zilichora hivyo. Zilizochomwa wazi, kadiri muda ulivyokuwa mrefu, ndivyo jani lilivyosinyaa na kulala upande. Na nilipozipima uzito kabla na baada, zile za wazi zilikuwa zimepungua sana.

Aliangalia karatasi muda mrefu. "Nani alikutuma ufunike?"

"Hakuna, Prof. Nilitaka tu kuona tofauti."

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi sasa rudi ufanye kazi niliyokupea." Akazirudisha karatasi zikiwa zimegeuzwa juu chini.

Wakati huo Nekesa alikuwa na mimba. Yeye ndiye aliyekuwa akipima unga na kulisha tanuri, kazi ya kila siku, na alikuwa ameanza kulalamika: kichwa, tumbo kumkaza, ladha ya chuma mdomoni hata akinywa maziwa. Tulidhani ni mimba, kwa sababu mimba huwa na mambo yake. Lakini alikuwa amesoma kama sisi sote, alijua risasi ni nini. Alienda kumwomba Profesa amhamishie kwenye darubini mpaka ajifungue. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikingoja zamu yangu ya kumwona, kwa hiyo hili sikuambiwa, nililisikia.

"Prof, daktari wa kliniki amesema nisikae karibu na kemikali."

"Kemikali gani? Hata chumvi ni kemikali."

"Ile lead, Prof."

"Mimi nimefanya na hiyo lead tangu ujana wangu. Niko na watoto wanne, wote wako na akili kukuliko." Kisha kwa ile sauti yake ya chini: "Nekesa, sampuli hazijui uko na mimba. Ukitaka maternity, iko huko hospitali. Hapa ni lab."

Alimwita kwa jina lake siku hiyo. Nimelifikiria sana hilo.

Nekesa alirudi kwenye tanuri. Watu wameniuliza kwa nini hakuacha tu, na wanaouliza hivyo hawajawahi kutoka nyumbani wakiwa wa kwanza kusoma, na kijiji kizima kinasubiri. Nilimshonea barakoa ya vitambaa viwili, nikawa nafungua dirisha Profesa akitoka na kulifunga nikisikia viatu vyake. Mimba ilitoka ikiwa na miezi mitano. Alikuwa mvulana. Hospitalini daktari kijana alimuuliza kazi yake, akaandika damu ipimwe, na majibu yalipokuja akamwita tena akamkalisha chini. Risasi ilikuwa nyingi mno. "Siwezi kukuapia kwamba ndiyo imefanya hivi," alimwambia, nami nikiwa nimemshika mkono. "Mimba hutoka kwa sababu nyingi. Lakini risasi kwa damu ya mama mjamzito si kitu ya kuchezea. Huko kazini usirudi."

Profesa aliposikia aliomba dua ndefu kwenye mkutano. Alimwombea "dada yetu ambaye ni mgonjwa." Kisha akanigawia mimi kazi ya tanuri.

Nilikubali. Na wiki iliyofuata ilikuwa semina yangu, ambapo mwanafunzi husimama mbele ya idara nzima na kueleza alipofika. Profesa alikaa safu ya mbele, mikono imekunjwa. Nilionyesha michoro yangu yote, ya wazi na ya kufunikwa. Nilieleza chembe, muda, moto. Nikaonyesha uzito. Kisha nikasema: "Nyuzi hizi zimepoteza risasi kiasi hiki kila tunapozisinta wazi. Risasi haiteketei. Ikitoka kwenye uzi inaenda mahali. Swali langu ni, imeenda wapi?"

Profesa hakugeuka kuwatazama wenzake. "Mtu wa samaki," alisema, na wachache wakacheka kwa mazoea, "hiyo swali ni ya fizikia?"

"Ndiyo, Prof."

"Mimi naona ni ya siasa."

"Chumba hakina feni. Madirisha yanafungwa. Iko kwa kuta, iko kwa meza tunakulia. Iko kwa damu ya Nekesa, karatasi ya hospitali ninayo."

Alisimama. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akipaza sauti, na haikuwa sauti ya kutisha kama nilivyoiogopa miaka yote ile; ilikuwa nyembamba, ya mtu aliyenyang'anywa kitu. Alisema nimeletwa, kuna watu wamenituma, anajua ni akina nani. Alisema ametengeneza wanasayansi kabla mimi sijavaa viatu. Akatoka, koti lake la kijivu limefungwa mpaka kooni, akaacha mlango wazi.

Aliyeniokoa ni mhadhiri mmoja wa kemia, mama mtulivu ambaye sikuwa nimewahi kuongea naye. Alibaki kitini mpaka ukumbi ukatulia, akaomba aone uzito wangu tena, akauliza jinsi nilivyopima. Kisha akasema, bila haraka, kwamba chumba kile kifungwe leo, si kesho. Kilifungwa. Meza ilipanguswa kwa kitambaa na kitambaa kikapelekwa kupimwa, na baada ya hapo hakuna aliyebisha tena. Sote tulitolewa damu. Profesa alikataa. "Damu yangu naijua," alisema.

Yule mama wa kemia akawa msimamizi wangu mpya, nami nikamaliza. Nekesa hakurudi, alienda kufundisha hesabu kwenye shule moja hapa mjini. Profesa hakunisalimia tena mpaka nilipoondoka. Tukikutana kwenye ngazi alitazama ukuta. Na katika andiko lake lililofuata, nililolisoma nikiwa nimesimama maktabani kwa hasira, alieleza kwa ufasaha mkubwa kwamba nyuzi hizi zinafaa kusintiwa ndani ya kibakuli kilichofunikwa. Michoro ilifanana na yangu kama pacha. Shukrani alizitoa kwa Mungu na kwa mke wake.

Nilikaa na chuki hiyo miaka. Sitaki kuipamba. Niliisikia ikiamka kila nilipompitia Nekesa nyumbani Munyaka na kumkuta anacheka, maana alijifunza kucheka tena kabla yangu. Kilichonichoma zaidi ni kwamba nilikuwa na hakika Profesa hakuelewa. Nilimwona kama mtu aliyejifungia ndani ya fizikia yake mpaka kilio cha mtu hakikumfikia. Niliwaambia watu hivyo: hakuwa mkatili, alikuwa kipofu tu.

Mwaka huu nilienda Moiben kuwaona wanafunzi wangu walio kwenye mafunzo ya kazi, pale kwenye mitambo ya kupoza maziwa. Mchana nikaingia hoteli ndogo kunywa chai. Alikuwa ameketi peke yake karibu na dirisha. Nilikuwa nimesikia kwamba amestaafu na anafuga ng'ombe huko, lakini kusikia si sawa na kumwona. Mabega yalikuwa yameshuka. Alishika kikombe kwa mikono miwili, na hata hivyo chai ilikuwa ikimwagika kwenye sahani. Sijui kama ni risasi au ni uzee. Sikuuliza.

Ningeweza kugeuka. Aliniona kwanza.

"Mtu wa samaki," alisema. "Kaa."

Nikakaa. "Habari ya siku nyingi, Prof."

"Tuko. Bado unafundisha?"

"Nafundisha."

"Kuhusu kusinta unawaambia nini?"

"Nawaambia wafunike."

Alitikisa kichwa taratibu. "Wafunike. Iko sawa." Akanywa, akafuta kidevu kwa upande wa mkono. Nilidhani hapo ndipo mwisho, kwamba hicho ndicho alichokuwa nacho cha kunipa, nikaanza kutafuta pochi yangu niondoke. Ndipo akasema, akitazama nje: "Yule msichana. Nekesa. Alipata mtoto mwingine?"

Mwingine. Sikuwahi kumsikia akisema mtoto. Ilikuwa ni ugonjwa, ilikuwa ni siasa, ilikuwa ni watu walionituma. Kumbe miaka yote ile alijua palikuwa na wa kwanza. Alijua Nekesa alipomwomba amhamishe, alijua kwenye maombi, alijua aliponigawia tanuri. Nilihisi uso ukipata moto. Nikatoa simu nikapiga pale pale mezani.

"Nekesa, niko Moiben. Niko na Prof hapa. Anauliza kama ulipata mtoto mwingine."

Nyuma yake nilisikia watoto wakigombana.

"Ni yeye mwenyewe anauliza?"

"Ni yeye."

"Mpatie simu."

Nilimnyooshea. Profesa aliitazama simu, kisha akaishusha mikono yake chini ya meza, yote miwili. "Hapana," alisema. "Mwambie tu namsalimia."

"Anakataa kushika," nilimwambia Nekesa. "Anasema anakusalimia."

Nilidhani atatukana, na nilitaka atukane. Lakini sauti yake ilipokuja ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mwalimu wa hesabu siku ya Jumamosi. "Mwambie niko na watatu. Wawili wako hapa wanapigania remote."

Nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno.

"Watatu," alisema Profesa.

"Watatu."

Midomo yake ilisogea kidogo. Baada ya yule mvulana Nekesa alizaa wawili tu, nami nilikaa nikingoja aniulize wa tatu yuko wapi. Nilimpa muda wa kutosha. Hakuuliza. Mwenye hoteli alikuja akapangusa chai iliyomwagika mbele yake, akamuuliza kama amwongezee, naye akasema ndiyo, tafadhali, ya moto. Nikasimama, nikaenda kwa wanafunzi wangu.